Mahindi yanajikunja mchana: nipunguze majani?

Msomaji mmoja wa Kongwa, Dodoma, ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha hivi: "Nina ekari mbili za mahindi, pembeni nina mtama na kunde. Mvua imekatika. Ikifika saa tano asubuhi majani ya mahindi yanajikunja kwa urefu wake mpaka yanakuwa membamba kabisa, jioni yanafunguka. Kunde hazijikunji, na mtama umesimama vizuri. Shemeji yangu anasema ni ugonjwa, nitafute dawa. Mzee jirani anasema majani ndiyo yanayomaliza maji, kwa hiyo niyapunguze niwape ng'ombe, mahindi yatapata nafuu. Nimsikilize nani? Na nikimwagilia mchana, ni kweli majani yataungua?"

Ndugu yangu, weka akiba hela ya dawa. Huo si ugonjwa. Jani linalojikunja saa tano na kufunguka jioni ni zima, tena liko kazini. Mzee jirani ana nusu ya ukweli: zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayofyonzwa na mizizi huishia hewani kupitia majani, na kiasi kinachobaki mwilini mwa mmea ni kidogo mno. Lakini ushauri wake wa kukata utakutia hasara, na ili uone kwa nini, inabidi tulichungulie jani lenyewe.

Kesho asubuhi chuma jani moja la mahindi lililokomaa, likiwa na sehemu yake ya chini inayokumbatia bua. Hiyo sehemu inayokumbatia inaitwa ala. Pale ala inapokutana na bapa la jani utaona kijiwambo chembamba kilichosimama, wenyewe tunakiita ulimi; kazi yake ni kuzuia maji na takataka zisizame kati ya ala na bua. Sasa liinue bapa lielekee jua. Mshipa wa katikati ni mnene, mweupe, ndio unaolishikilia jani lisining'inie. Pembeni yake kuna mistari mingi iliyonyooka, yote ikielekea nchani. Kati ya mistari unayoiona kwa urahisi kuna mingine myembamba zaidi, imesongamana kiasi kwamba kutoka mshipa mmoja hadi wa pili ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Hakuna kona ya jani la mahindi iliyo mbali na bomba la maji. Kila mshipa una njia mbili: zailemu, inayoleta maji na madini kutoka mizizini, na floemu, inayoondoa sukari iliyotengenezwa na kuipeleka kwenye gunzi, mizizi na machipukizi.

Ngozi ya jani, juu na chini, imepakwa nta. Maji hayapiti hapo isipokuwa kidogo sana. Yanapita kwenye matundu madogo yanayoitwa stomata, na ukitaka kuyaona huhitaji maabara kubwa. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kipande cha jani, ngoja ikauke, bandika selotepu, ibandue taratibu, kisha iweke chini ya hadubini ya shule yoyote ya sekondari. Kwenye mahindi utaona stomata zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, na zipo pande zote mbili za jani. Ukifanya hivyohivyo kwa kunde utazikuta zimetawanyika ovyo, na upande wa chini ndiko zilikojaa zaidi.

Kila tundu lina seli mbili zinazolilinda. Zikijaa maji hutanuka na kuachana, tundu linafunguka. Zikipoteza maji zinalegea na kufunga. Kinachoyaingiza maji ndani yake hasa ni potasiamu: seli zinaivuta ndani, maji yanaifuata. Ndiyo maana shamba lenye upungufu wa potasiamu linapata shida mapema kuliko jirani yake wakati wa ukame, kwa kuwa mmea unakosa nyenzo ya kufungua na kufunga kwa wakati. Dalili yake utaiona kwenye majani ya chini: kingo zinaanza kuwa njano, kisha kukauka, zikianzia nchani na kushuka pembeni, huku katikati pakibaki kijani. Upungufu wa naitrojeni hauko hivyo. Ule huanza nchani na kuteremka kwa kufuata mshipa wa kati, ukichora umbo la V.

Sasa tufike kwenye kiini cha swali lako. Jani lina mlango mmoja tu. Mlango huo ndio unaoingiza hewa ukaa, ambayo pamoja na maji na mwanga wa jua hutengeneza sukari, na mlango huohuo ndio unaotoa mvuke wa maji. Hakuna jinsi ya kuufunga kwa maji na kuuacha wazi kwa hewa. Na biashara yenyewe ni ya kupunjwa: hewa tunayovuta ina hewa ukaa kama asilimia 0.04 tu, wakati ndani ya jani kumejaa unyevu na nje, mchana wa Kongwa, ni kukavu. Kwa mmea kama kunde, kila chembe moja ya hewa ukaa inayoingia, chembe za maji mia nne au mia tano zinatoka. Mahindi yanatoa kama nusu ya hapo.

Kwa hiyo mzee anaposema majani yanamaliza maji, ajue kwamba hayo maji ndiyo bei ya mahindi atakayokula. Mmea usiotoa maji hautengenezi chakula. Tena maji yanapotoka juu ndipo yanapovuta mengine kutoka chini, na katika safari hiyo naitreti na kalisi hupanda pia. Yanapoza jani vilevile: kila gramu ya maji inayogeuka mvuke huondoka na kama kilojuli 2.4 za joto. Shika jani la mahindi yaliyomwagiliwa saa saba mchana, utahisi ubaridi. Halafu shika lile lililofunga stomata zake kwa kiu. Lina uvuguvugu, na mara nyingi limezidi joto la hewa inayolizunguka. Wengine hununua vipimo vya gharama kupima jambo hilo wakati mkono unatosha kwa mkulima.

Kujikunja sasa. Upande wa juu wa jani la mahindi, katikati ya mishipa, kuna mistari ya seli kubwa zenye kuta nyembamba, zilizojaa maji kuliko jirani zake. Maji yakipungua, hizo ndizo za kwanza kunywea. Upande wa juu unapungua upana, wa chini haupungui sana, kwa hiyo kingo zinainuka na kukutana. Hapo jani limepata faida kadhaa kwa mpigo: eneo linalopigwa na jua limepungua, stomata za upande wa juu zimefichwa ndani, na hewa iliyonaswa humo ina unyevu, hivyo maji hayatoki kwa kasi ileile. Kabla au sambamba na hapo, mmea unazalisha homoni iitwayo asidi ya abisisi inayoziamuru stomata zifunge. Jua likipungua, mizizi inapata nafasi ya kulipa deni, seli zile zinajaa tena na jani linafunguka. Umeona mwenyewe.

Kunde hazina seli hizo, ndiyo sababu hazijikunji. Lakini usidhani zimekaa kimya. Chini ya kila kijani, yaani kila jani dogo la kunde, kuna kifundo kidogo kilichovimba, na maji yanapohama kutoka upande mmoja wa kifundo kwenda mwingine, kijani kinageuka. Ziangalie saa saba mchana: zimeinamisha au kuinua majani yake ili jua liyapige ukingoni badala ya usoni, na mara nyingine utaona upande wa chini, ule uliopauka kidogo. Jioni zinarudi. Mmea mmoja unakunja, mwingine unageuza, shida ni ileile.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: kwa hesabu ya maji, mahindi si mlafi. Vipimo vya zamani vya Marekani, vilivyofanywa mwanzoni mwa karne ya 20, vilionyesha kuwa mahindi hutumia karibu lita 370 za maji kutengeneza kilo moja ya mmea mkavu, mtama kama lita 320, na ngano zaidi ya 500. Mimea mingi ya jamii ya kunde iko juu zaidi ya hapo. Siri ya mahindi na mtama imo ndani ya jani. Mimea mingi ina kimeng'enya kiitwacho rubisko ambacho kazi yake ni kukamata hewa ukaa, ila kina tabia mbaya ya kukamata oksijeni kwa makosa, na joto likizidi ndivyo makosa yanavyoongezeka. Mahindi, mtama, uwele na muwa vimeizunguka tabu hiyo. Kuzunguka kila mshipa kuna tabaka la seli nene zenye kijani kilichokolea. Humo ndimo rubisko ilimofungiwa. Seli za nje yake hukamata hewa ukaa kwa kimeng'enya kingine kisichohadaika na oksijeni, kisha huipakia na kuisukuma ndani kwa wingi. Rubisko inabaki imezungukwa na hewa ukaa tele, na makosa yanakwisha karibu yote. Wanasayansi Hatch na Slack, wakifanya kazi Australia, walieleza njia hiyo kwa kutumia muwa mwaka 1966. Leo inaitwa njia ya C4, na ndiyo sababu ya mishipa ile kusongamana: kila seli ya kukamata lazima iwe jirani na seli ya kupokea. Faida yake ni kwamba mahindi yanaweza kubana stomata na bado yakapata hewa ukaa ya kutosha.

Mbona basi mtama wako umesimama na mahindi yanalalamika? Mtama una nta nyingi zaidi. Pitisha kidole kwenye ala yake, utakitoa na ungaunga mweupe. Mizizi yake inachimba vizuri, na zaidi ya yote mtama unajua kusubiri: ukame ukiubana unasimama kukua, mvua ikirudi unaendelea. Mahindi hayana subira hiyo, hasa yakiwa yanatoa mbelewele na ndevu. Kwa Dodoma, penye mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na msimu mmoja tu, sishangai mzazi aliyekuwa na busara kupanda mtama kwanza na mahindi baadaye.

Baada ya hayo, nikufundishe kusoma shamba lako. Umbo la jani peke yake halikuambii mengi. Linalokuambia ni saa. Likijikunja kuanzia saa tano na kufunguka kufikia saa kumi au kumi na moja jioni, mmea unajimudu, na hasara ipo lakini ni ndogo. Likibaki limejikunja mpaka jua linazama, na likafunguka usiku tu, maji ya udongo yanaelekea ukingoni. Ukiamka saa moja asubuhi ukalikuta bado limejikunja, hapo usiku mzima haukutosha kuujaza mmea, na hesabu yako ya gunia ianze kushuka. Hali hiyo ikitokea majuma mawili kabla au baada ya ndevu kutoka, ni mbaya kuliko wakati mwingine wowote: ndevu zinachelewa, chavua inakwisha, na gunzi linatoka na mapengo ambayo mvua ya baadaye haiyazibi.

Kuna alama nyingine ya alfajiri ambayo wakulima wengi huiita umande na kuipita. Umande hulowesha jani zima. Lakini ukikuta matone makubwa yamejipanga ukingoni na kwenye ncha ya jani, hasa kwenye mahindi machanga, hayo yametoka ndani ya mmea. Usiku stomata zimefunga, mizizi inaendelea kusukuma, na maji yanatokea kwenye vitundu maalumu vya ukingoni. Ukiyaona, udongo bado una maji ya kutosha hata kama juu umekauka. Yakitoweka kwa siku mfululizo, anza kujipanga.

Angalia pia nani anajikunja. Shamba zima likijikunja pamoja, ni kiu. Ikiwa ni mashina machache yaliyotawanyika huku jirani zao wamefunguka, chimba: utakuta mchwa wameguguna mizizi, au ukipasua bua utamkuta funza ndani. Ikiwa udongo umelowa na bado mahindi yanajikunja, mizizi haifanyi kazi. Labda palizi ilikwenda chini mno ikaikata, labda mbolea ya kukuzia iliwekwa imegusa shina, labda chini ya udongo uliolimwa kuna tabaka gumu lisilopenyeka. Na mahindi yaliyopuliziwa kiuagugu cha 2,4-D kwa wakati usiofaa huweza kukunja majani ya juu kwa kubana sana, nayo hayafunguki jioni. Kuhusu tabaka gumu, watu wa Kongwa hawahitaji kuelezwa. Waingereza walikuja hapohapo mwaka 1947 na mradi wao mkubwa wa karanga, na kufikia 1951 waliuacha. Mvua haikuwa ya kutegemewa, na udongo ukikauka uliwagomea mashine na jembe.

Tuje kwenye kisu cha mzee jirani. Majani yote hayana uzito sawa. Jani lililo kwenye kifundo cha gunzi na yale ya juu yake ndiyo yanayojaza punje, kwa sababu yanapata jua na yako karibu na mlaji. Majani mawili matatu ya chini kabisa, yaliyokwisha kuwa njano, hayana mchango tena, na ukiyachuma hutapoteza kitu. Wala hutaokoa maji ya maana, maana yalikuwa yamekwisha kufunga kazi. Ukipanda juu zaidi unaanza kukata ghala. Majedwali yanayotumika Marekani kukadiria hasara ya mvua ya mawe yanasema hivi: mahindi yakipoteza nusu ya majani wakati mbelewele zinatoka, mavuno hupungua karibu theluthi moja, yakipoteza yote, hakuna mavuno. Mvua ya mawe na kisu kwa mmea ni kitu kimoja.

Kama ng'ombe wana njaa kweli, subiri. Chukua gunzi moja, ng'oa punje, ikwangue sehemu ya chini ilipokuwa imeshikamana na gunzi. Ukiona pamekuwa na kidoti cheusi, punje imefunga njia, haipokei tena kitu kutoka kwenye jani. Kuanzia siku hiyo kata majani yote yaliyobaki kijani, kata na sehemu ya juu ya bua, ng'ombe wale, wewe hupotezi hata debe.

Ukitaka kupunguza maji yanayopotea, punguza wanywaji wasiokulipa. Magugu yana majani pia, na kila jani la gugu linatoa maji bila kukuachia punje. Palilia sasa, juujuu, usichimbe. Ukiwa na mabua ya mwaka jana au nyasi zisizo na mbegu, tandaza kati ya mistari. Jua likipiga udongo uchi, unyevu wa juu unaondoka bila kupita kwenye mmea wowote. Kama uliacha mimea mitatu kwenye shimo moja na bado haijafika magotini, ng'oa mmoja au miwili, hayo ndiyo majani ya kuwapa ng'ombe bila majuto. Na msimu ujao, kabla ya mvua, tengeneza matuta na kuyafunga kila baada ya hatua chache ili maji yasitiririke kwenda kwa jirani.

Kumwagilia mchana hakuunguzi majani. Watafiti wa Hungaria walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2010: tone la maji lililolala kwenye jani laini haliwezi kukusanya mwanga kiasi cha kulichoma kabla halijakauka, hatari ipo kwa majani yenye nywele nene zinazoliinua tone lisiguse ngozi, na mahindi si ya aina hiyo. Sababu ya kumwagilia asubuhi na mapema au jioni ni kwamba mchana maji mengi yanavukizwa kabla hayajafika mizizini. Lakini kama zamu yako ya maji inaangukia saa saba, mwagilia saa saba, elekeza shinani, usiiache zamu ipite kwa kuogopa hadithi.

Nimalizie na onyo ambalo hukuliuliza. Umesema mtama uko pembeni na ng'ombe wana hamu ya kijani. Mtama mchanga, uliodumaa kwa ukame, au machipukizi yanayotoka baada ya kukatwa au baada ya mvua kurudi, una kemikali iitwayo dhurini ndani ya majani yake. Ng'ombe akiyatafuna, inageuka sayanidi, na mnyama anaweza kufa muda mfupi baada ya kula. Msipeleke mifugo hapo. Subiri mtama urefuke kupita kiuno na upevuke, au uukate na kuuanika mpaka ukauke vizuri kabla ya kuulisha. Ng'ombe akishaanza kupumua kwa shida na kuyumba baada ya kuingia kwenye mtama, mwite daktari wa mifugo saa hiyohiyo, na waliobaki watoeni shambani kwanza.